Kilo 55

Jioni niliyomwambia baba kwamba angejua kunyanyua asingeumia, nilikuwa na miaka 17 na nilikuwa nimejifunza klini kwa wiki tano. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nje ya nyumba, ameegemea ukuta, kwa sababu mgongo wake ulikuwa haukubali tena kukaa bila kuegemea kitu. Mimi nilikuwa uani na mpini wa jembe mikononi, nikimwonyesha mdogo wangu namna ya kushusha nyonga kabla ya kuinua mzigo. Nikageuka nikasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi: "Baba, hata wewe ungefundishwa hivi, mgongo wako ungekuwa mzima mpaka leo."

Hakujibu. Aliutazama ule mpini, akanitazama miguuni, kisha akageukia barabarani kama aliyesikia gari. Hakukuwa na gari. Mama alikuwa anapepeta maharage. Aliacha kupepeta kidogo, halafu akaendelea.

Nimeiandika sentensi ile kama nilivyoitamka, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikiisimulia kwa namna iliyo laini zaidi.

Kansay ni kata ya wilaya ya Karatu, na huku kwetu ukisema michezo watu wanaelewa kukimbia. Filbert Bayi ni mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, aliongoza mbio za mita 1500 kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 sekunde 32.16. Jirani zetu wa Mbulu wana John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea na bandeji mguuni, uwanja ukiwa umebaki na watu wachache. Gidamis Shahanga alichukua dhahabu ya marathoni katika michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Majina haya tuliyasikia shuleni kabla hatujajua kuandika yetu vizuri. Mtoto wa Kiiraqw mwenye miguu mirefu na kifua chembamba akionekana anapanda kilima na ndoo ya maji bila kuhema, tayari watu wanaanza kumpangia safari za Ulaya.

Mimi nilikuwa mpana. Nilikuwa na mapaja ya mama yangu na mabega ya baba yangu, na katika mbio za shule nilikuwa nafika wakati wenzangu wameshavaa viatu vyao. Kwa hiyo nilipofika kidato cha tatu na akaja mwalimu mpya wa michezo, mwanamke mfupi aliyetoka mikoa ya kusini, nilijificha nyuma ya wenzangu siku ya mchujo. Aliniita mbele. Alinipa tufe la kilo 4, lile la kawaida la wanawake, ambalo shule yetu ilikuwa nalo moja tu na lilikuwa limeshika kutu mpaka linaacha rangi shingoni. Nilirusha mita saba na kidogo. Nikasubiri kusifiwa.

"Mkono umerusha," Madam alisema. "Miguu imetazama."

Ndipo aliponiambia kuhusu klini. Alikuwa amefundishwa akiwa chuo cha ualimu, na mkufunzi aliyewahi kuwa askari. Alisema warushaji wote wa maana duniani wanafanya zoezi hilo, kwa sababu mtu anayerusha tufe na mtu anayerusha chuma kutoka sakafuni hadi mabegani wanatumia kitu kilekile: kifundo cha mguu, goti na nyonga vikinyooka kwa pamoja, ghafla, kama mtu anayeruka.

Jina ni la Kiingereza na maana yake ni "safi". Zamani wanyanyuaji wa Ulaya walikuwa na mtindo wa kupandisha chuma kwa vituo: unakileta mpaka tumboni, unakipumzisha kwenye mkanda, unapumua, unakivuta tena. Klini ilidai chuma kipande kwa mkupuo mmoja bila kugusa mwili njiani. Sheria ililegezwa miaka ya 1960, kikaruhusiwa kupita kikisugua mapaja, ila jina likabaki. Katika Olimpiki hiyo ni nusu ya kwanza tu; baada ya mabegani, chuma kinasukumwa juu ya kichwa. Sisi tuliishia mabegani. Na wavulana walipocheka kwamba Madam anataka kutugeuza wanaume, aliwaambia wanawake wananyanyua vyuma katika Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000, na kwamba kicheko chao kimechelewa.

Tatizo lilikuwa chuma chenyewe.

Gimu nyingi za mtaani Tanzania zimejengwa kwa makopo na zege, na cha kwanza chetu kilikuwa hivyo. Makopo mawili ya rangi ya lita 4, bomba katikati, zege ndani, unaacha likauke. Kopo moja la namna hiyo linakaribia kilo 10. Kwa mtu anayelala kifudifudi kupiga pushapu na kuinuka kukunja mikono, chuma hicho kinatosha kabisa. Kwa klini ni balaa, na ilituchukua majeraha kadhaa kujua kwa nini.

Kwanza, kiko chini mno. Sahani kubwa za chuma cha mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo mahali pa kushika panakuwa sentimita 22 na nusu kutoka ardhini. Kopo la rangi halifiki hata nusu ya hapo. Ukilifuata huko chini mgongo unapinda hata kama hutaki. Madam aliweka tofali chini ya kila kopo mpaka kimo kikakaribia. Pili, hukiachii kikaanguka, zege linapasuka. Tukaomba matairi mawili chakavu ya lori, tukayaweka kulia na kushoto. La tatu ndilo lililotusumbua kuliko yote. Chuma halisi kina vishikizo vinavyozunguka peke yake mwishoni, pale sahani zinapokaa. Unapokipokea mabegani, viganja vinageuka, chuma kinageuka navyo, na sahani hazina habari. Chetu kilikuwa kimeshikana na zege. Nikigeuza viwiko, makopo nayo lazima yageuke, na yakishaanza kugeuka hayataki kusimama. Wiki mbili za kwanza niliandika daftari zangu kwa mkono wa kushoto.

Madam alikwenda na mchoro kwa fundi wa kuchomelea, Karatu mjini. Nilikuwepo. Fundi aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu, akauliza, "Hiki ni ekseli ya mkokoteni?" Madam akasema ndiyo, karibu. Na kwa kweli ni ekseli. Alichukua chuma kigumu cha duara cha milimita 25, ambao ndio unene rasmi wa chuma cha wanawake, akakikata kiasi cha mita 1.8. Akakata vipande viwili vya bomba la inchi moja, ambalo kwa ndani lina nafasi ya kama milimita 27. Vipande hivyo ndivyo tulivyovizamisha katikati ya ndoo mbili za lita 10 na kuzijazia zege. Chuma kikapita ndani ya mabomba, grisi ikapakwa, na washa nene zikachomelewa pande zote mbili ili ndoo zisichomoke. Ukikisukuma kwa kidole, ndoo zinakaa, chuma kinazunguka. Fundi alikizungusha mara tano au sita huku akitabasamu peke yake. Tulimlipa kwa awamu.

Baadaye sana, mwaka 2021, nilisoma kwenye simu habari ya Hidilyn Diaz, mwanamke aliyeipatia Ufilipino dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Wakati wa janga la korona alikwama Malaysia bila gimu, akawa anafanya mazoezi kwa kutumia mti wa mwanzi na madumu ya maji. Nilicheka mpaka walimu wenzangu wakaniuliza nacheka nini.

Kabla ya kuruhusiwa kukigusa kile chuma, Madam alinipa mpini wa jembe kwa wiki tatu. Alifundisha kuanzia juu kwenda chini. Unasimama wima, mpini umeshikwa ukigusa mapaja kwa juu, mikono imenyooka. Unakunja magoti kidogo, unaruka. Basi. Siku ya kwanza ni kuruka tu, mpini mkononi. Siku nyingine unaruka na kupandisha mabega kuelekea masikioni. Kisha unaruka, unapandisha mabega, halafu viwiko vinazunguka haraka kwenda mbele, mpini unalala kwenye mabega, juu ya mtulinga, vidole vimelegea. Hakuna mahali popote ambapo mikono inavuta. Madam alirudia hilo mpaka likakosa maana. "Mikono ni kamba," alikuwa akisema. "Umewahi kuona kamba inanyanyua ndoo kisimani? Kamba inashika tu."

Kushika nako kuna namna yake. Kidole gumba kinakaa chini, kimebanwa na vidole vingine juu yake. Kinauma vibaya siku za mwanzo, kucha inageuka rangi, lakini chuma hakichomoki. Mikononi tulipaka majivu ya jikoni.

Baadaye mpini ukashuka hadi juu ya magoti, kisha chini ya magoti, kisha chini kabisa. Na hapo ndipo, nilipohamia kwenye chuma chenye ndoo, kosa langu lilipojitokeza na kukataa kuondoka. Nilikuwa naking'oa. Nikikishika tu, hasira zilinipanda, nakivuta kwa nguvu zote kutoka ardhini. Nyonga zinatangulia kwenda juu, mgongo unabaki kama upinde, mikono inakunja mapema. Chuma kinanikimbia mbele, nami nakifuata kwa kuruka mbele, kinanidondokea kwenye mtulinga kwa kishindo. Nilikuwa na alama ya bluu pale kifuani ambayo mama alidhani nimepigwa. Madam alieleza kwa kila namna aliyoijua. Alichora kwenye vumbi. Alisema vuta polepole mpaka magotini, ndipo ulipuke. Nilikuwa nasema ndiyo Madam, halafu naking'oa.

Katika hali hiyo, nikiwa siwezi kunyanyua chuma changu mwenyewe bila kujiumiza, ndipo nilipompa baba somo lile.

Shule ilifungwa mwezi Juni. Madam aliniruhusu niende na chuma nyumbani, tukakipakia kwenye mkokoteni wa punda, matairi juu yake, matofali juu ya matairi. Watu wa njiani walidhani tunahama. Nikakiweka uani, mahali ambapo baba alikaa jioni. Nikawa najua ananitazama na nikawa najifanya sijui. Tangu ile siku tulikuwa tunasalimiana na kuzungumza mambo ya mifugo, hakuna zaidi.

Labda ilikuwa jioni ya tatu au ya nne. Nilikuwa nimenyanyua mara sita, zote mbovu, ya sita ikanirudisha nyuma nusura nikae chini. Baba akasema, kwa Kiiraqw, bila kuinua sauti:

"Unaking'oa kama gugu."

Nikasimama.

"Mzigo haupendi kushtuliwa ukiwa chini. Uchukue taratibu mpaka usikie umetulia mikononi. Ukifika hapa," akagusa paja lake, kidogo juu ya goti, "hapa ndipo goti linaingia chini yake. Ndipo unaupiga. Kabla ya hapo usiwe na haraka, hata kama mtu anakupigia kelele."

Baba alikuwa mpakiaji kwa karibu miaka 20. Msimu wa mahindi na mbaazi alipakia huku kwetu. Msimu wa vitunguu aliteremka Mang'ola, bonde la ziwa Eyasi, ambako Fuso zinapanga foleni kusubiri magunia. Mpakiaji hanyanyui gunia peke yake kutoka chini. Watu wawili wanamtwisha. Wanashika pembe, wanaliinua taratibu mpaka usawa wa magoti, kila mmoja anaingiza goti lake chini ya gunia, kisha kwa pamoja wanalirusha juu, na yeye anaingia chini yake na kulipokea kwa mabega, magoti yamekunjwa kidogo, halafu anapanda ubao kwenda kwenye lori. Alinieleza haya akiwa amekaa, mikono yake ikionyesha. Nilisikiliza kila hatua ya klini katika lugha yetu, pamoja na ile ambayo Madam alikuwa amehangaika nayo miezi miwili: kwamba magoti, yakishanyooka mara moja kuupitisha mzigo, yanajikunja tena kidogo kuingia chini yake kabla ya mlipuko. Wanyanyuaji wa kimataifa hulifanyia mazoezi kwa miaka. Wapakiaji wa Mang'ola wanalijua kwa jina la goti.

Nilitaka kumuuliza, kama alijua yote haya, basi ilikuwaje. Sikuuliza. Nilirudi kwenye chuma.

Alichukua fimbo yake ya kutembelea. Nilipoanza kuinua alinyamaza, fimbo ikiwa juu. Chuma kilipopita magoti akaigonga chini, mara moja. Niliruka. Kilipanda karibu na mwili kama kinavutwa na mtu mwingine, na nilipozungusha viwiko kilikuwa kimeshafika, kimekaa mabegani bila sauti yoyote. Nilisimama nacho nikiwa sijui la kufanya. Baba akasema, "Weka chini. Tena."

Tulifanya hivyo mwezi mzima. Yeye hakusema kitu kuhusu sentensi yangu na mimi pia sikusema.

Mwishoni mwa likizo nilitaka kujua chuma changu kina uzito gani, maana Madam alikuwa na makadirio tu. Kulikuwa na mizani ya kuning'iniza pale kwenye ghala la mazao, ile yenye ndoano na uso kama wa saa kubwa. Tulikwenda na mkokoteni asubuhi. Baba alikuja pia, polepole na fimbo yake, akasimama kwenye kivuli cha ukuta. Vijana wawili walinisaidia kukifunga kamba na kukipandisha. Mshale ukaenda, ukacheza, ukasimama kwenye 55. Mzee wa ghala akauliza nakinyanyua kweli, mtoto wa kike, nikasema ndiyo, hadi hapa, nikagusa mabega. Watu wakapiga makofi. Nilijiona mkubwa kuliko Karatu.

Nyuma yetu kulikuwa na jirani mmoja aliyetoka kununua vitunguu Mang'ola kwa ajili ya kuuza rejareja mnadani. Alitaka kujua gunia moja lina kilo ngapi ili apige hesabu ya mafungu. Lilikuwa lumbesa: gunia limejaa mpaka mdomoni, halafu limeongezewa kichwa juu kwa wavu na kamba zilizoshonwa, kimo kinakaribia kimo cha mtu mzima. Watu wanne walilishika kulitundika. Mshale ukapita 55 bila kusita, ukapita 100, ukasimama 138.

Nilitazama ile namba. Niligeuka, baba alikuwa anaitazama pia.

"La kwetu lilikuwa refu kidogo kuliko hilo," alisema.

Kisha, kama anayezungumza na jirani na si mimi: "Na lilikuwa la sitini na kitu siku ile. Mmoja wa watwishaji mkono ulimwisha nguvu, akaachia upande wake kabla sijaingia vizuri. Hakuwa na kosa. Alikuwa amechoka kama mimi."

Jirani akasema pole mzee. Baba akasema ahsante, ni zamani.

Sikujua kabla ya siku ile kwamba mpakiaji analipwa kwa gunia. Mkulima naye anauza kwa gunia. Ndiyo sababu ya kichwa kile cha kushonwa: anayenunua anapata vitunguu vya bure juu ya bei, na anayebeba anabeba bure kilo zile za ziada, safari baada ya safari. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hutangaza hivyo kila msimu. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuo cha ualimu kama Madam, nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa maktaba nikakutana na pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 kuhusu uzito wa juu unaofaa kubebwa na mfanyakazi mmoja. Kwa mwanamume mtu mzima ni kilo 55. Niliisoma namba hiyo mara mbili nikidhani nimeona vibaya, nikafunga kitabu, nikaenda kukaa nje.

Mwaka 1988 kule Seoul, Naim Süleymanoğlu, mwanamume wa kilo 60, alinyanyua kilo 190 juu ya kichwa chake, zaidi ya mara tatu ya uzito wake, na mpaka leo wapenzi wa vyuma wanasimuliana. Alikuwa na chuma kinachozunguka, jukwaa la mbao, majaribio matatu, na daktari nyuma ya pazia. Ningependa kumwona akirudia mara sitini na kitu, kisha apande ubao. Natania. Lakini nilipokuwa kijana niliamini kwa dhati kwamba mtu akijifunza kunyanyua vizuri hakuna mzigo utakaomdhuru, na imani hiyo ilinifanya nimtazame baba kama mtu aliyefeli mtihani.

Tulirudi nyumbani nyuma ya mkokoteni. Punda alikuwa na haraka, sisi hatukuwa nayo. Nilianza, "Baba, siku ile niliposema..." Akanikatiza.

"Ulisema ulichofundishwa," alisema. Halafu akauliza kama nimekumbuka kufunga kamba za matairi, maana moja lilikuwa linaning'inia.

Kwenye mashindano ya wilaya mwaka ule nilirusha mita 10 na sentimita 40. Nilikuwa wa pili. Aliyenishinda alitoka shule nyingine na alikuwa na mabega ambayo bado nayakumbuka. Wakimbiaji wetu walichukua karibu kila kitu kingine, wakapokelewa kwa nyimbo, na mimi nilishuka kwenye gari nyuma yao na cheti changu. Sikuendelea mbele zaidi ya mkoa. Madam alihamishwa mwaka uliofuata. Aliniachia chuma, na karatasi moja ya maelezo kwa mwandiko wake, ambayo mistari yake mingi imefutika kwa grisi.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa michezo, shule ya msingi, si mbali na nyumbani. Ndoo moja ya zege imepata ufa na nimeizungushia waya. Ndoo hizo haziguswi na mtoto wa shule ya msingi. Kwa hao ni kuruka, mpini, na kucheka. Lakini wapo wasichana watatu wa sekondari wanaokuja nyumbani jioni, wanarusha tufe na kisahani, na hao nimewaruhusu. Kwa sheria yangu, wiki tatu za mpini kwanza. Kwa sheria ya baba, nne.

Bado anakaa kwenye kigoda, na mgongo umezidi kupinda. Lumbesa bado zinapita barabarani juu ya Fuso, vichwa vyake vikining'inia, na zikipita anazitazama mpaka zinapoteleza nyuma ya kona. Juzi msichana mmoja, mwenye nguvu kuliko nilivyokuwa mimi umri ule, alikamata chuma na kukivuta kwa hasira kabla hata hajapumua. Kilimtoka, kikaangukia matairi, ndoo yenye ufa ikalia. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumweleza nyonga ni nini na goti ni nini.

"Weka vizuri kwenye matofali," baba alisema kutoka ukutani, na akainua fimbo. "Taratibu. Usiruke mpaka unisikie."